Kwota inasema kuna nafasi, diski inasema imejaa: nani muongo?

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Tanga mjini, natunza klasta ndogo (kompyuta kadhaa zinazofanya kazi pamoja) ya kituo chetu, wenzangu wanafanya modeli za mikondo ya bahari upande huu wa Pemba. Tuna Lustre (mfumo wa mafaili unaotumiwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), seva moja ya metadata (majina na maelezo ya mafaili), seva mbili za data, OST nane (hifadhi za diski kwenye seva hizo za data). Kila mtumiaji nimempa kwota ya tera 2. Sasa kuna mmoja katumia tera 1.1 tu na programu yake inakufa na 'No space left on device', mara inakubali mara inakataa. Nikadhani ni straipu (kugawa faili kwenye OST kadhaa), nikaweka -c -1 (OST zote) kwenye folda ya juu kabisa ili data isambae kote, ndo kabisa kila kitu kimekuwa kizito, ls peke yake dakika nzima. Bakapu ya NFS yetu ya zamani (mfumo wa mafaili wa seva moja) nilishaiweka humohumo kwa tar (kufunga mafaili yote kuwa faili moja), nikiwa root (msimamizi mkuu), kwahiyo hiyo sio tatizo. Bosi anataka turudi NFS. Nimekosea wapi? Naambatanisha lfs df -h (taarifa ya nafasi ya kila OST)."

Marahaba mdogo wangu, na pole na bosi. Hiyo sentensi yako ya bakapu, "kwahiyo hiyo sio tatizo", nimeisoma mara mbili nikacheka peke yangu, maana jibu lako nusu limelala hapohapo. Twende taratibu.

Kwanza uwatenganishe ndugu wawili ambao kila mtu anawachanganya. Kama kwota ingekuwa ndo inamkataza yule bwana, Linux ingemwambia "Disk quota exceeded". Yeye kaambiwa "No space left on device". Mtumiaji haoni tofauti, kwake yote ni "imejaa", lakini kwako wewe unayetunza mtambo hizo ni habari mbili tofauti kabisa, ya kwanza ni kibali kimeisha, ya pili ni mahali pamejaa. Kwota ni karatasi tu. Haimtengei mtu nafasi hata baiti moja. We umetoa vibali vya tera 2 kwa kila mtu, sijui mko wangapi ila mkifika 24 tu vibali vimeshapita tera mlizonazo na Lustre haitakuuliza kitu, itakubali. Ni kama una karatasi ya forodha inayosema ruksa kushusha tani mbili, umefika ghala lenyewe limefurika mpaka mlangoni, sa karatasi itakusaidia nini.

Sasa angalia hii mistari mitatu kutoka kwenye lfs df uliyonitumia (pwani ni jina la mfumo wenu, namba ni ukubwa, iliyotumika, iliyobaki, na asilimia):

pwani-OST0002_UUID   5.8T   2.4T   3.1T   44%
pwani-OST0003_UUID   5.8T   5.5T   20.3M   100%
pwani-OST0004_UUID   5.8T   2.1T   3.4T   39%

Umeona huyo wa katikati? Majirani wake wote wako chini ya nusu, yeye kabakiwa na mega 20. Ukipiga df ya kawaida unaona jumla tu, tera kibao ziko wazi, unalala usingizi mnono. Ndo maana kwenye Lustre df ya kawaida mi siiangalii kabisa, ni lfs df -h na dada yake lfs df -i ya kuhesabu inodi (nafasi za idadi ya mafaili), basi.

Kwanini OST0003 imejaa peke yake? Kwasababu kama hujagusa kitu, Lustre inaweka straipu moja kwa kila faili, yaani faili zima, liwe kilo 4 au tera 4, linakaa kwenye OST moja. Sasa we ulipopiga tar ya NFS nzima ukatoa faili moja la ajabu, lote likaenda kulala kwa huyo OST0003. Na kwavile ulikuwa root, kwota haikukugusa, maana root hazuiwi na kwota. Mtumiaji wa kawaida angekatwa kwenye tera 2, we ukapita tu. Usichukulie maneno yangu, hakikisha:

lfs find /mnt/pwani --ost 3 --size +500G

Nakuwekea soda ya pale Raskazone kwamba tar yako inatokea ya kwanza, na ukitoa tera 5.5 ukalinganisha na majirani itakuwa kwenye tera 3 na kitu. (Af, mdogo wangu, bakapu inayokaa ndani ya mfumo uleule unaoutumia kila siku sio bakapu. Mfumo ukifa zinakufa pamoja. Hilo tutagombana siku nyingine.)

Na ile "mara inakubali mara inakataa" iliyokuchanganya nayo inaeleweka sasa. Faili likishazaliwa, mpangilio wake umeshafungwa, OST alizopewa ndo hizohizo. Lustre inapotengeneza faili jipya inaangalia nafasi, OST zikipishana sana, difolti yake ni asilimia 17, inaacha kugawa kwa zamu inaanza kupendelea zenye nafasi, kwahiyo mafaili mapya ya jamaa yanaenda sehemu nyingine yanapona. Lakini lile faili lake la NetCDF (aina ya faili la data za modeli) ambalo modeli inaliongezea kipande kila saa ya bahari, kama lilizaliwa OST0003 wiki tatu zilizopita, litaendelea kugonga ukuta hukohuko hata zile saba zingine ziwe tupu. Mwambie akupe jina la faili linalokataa, upige lfs getstripe juu yake, utaona obdidx (namba ya OST) 3 inakutazama.

Dawa ya leo ni hii. Ingia kwenye seva ya metadata, uifungie OST0003 isipokee mafaili mapya:

lctl set_param osp.pwani-OST0003*.max_create_count=0

Mafaili yaliyopo yanaendelea kusomeka na kufutika kama kawaida, mapya tu ndo hayaendi. Sijakuwekea -P, ya kudumu, makusudi, seva ikizimwa na kuwashwa hiyo inajifuta. Halafu lile dude ulihamishe. La haki ni kulitoa nje kabisa kwenye diski nyingine. Kama diski hamna kwa sasa, basi lipanue likae kwenye OST nne:

lfs migrate -o 0,1,5,6 -S 4M /mnt/pwani/bakapu/nfs_zamani.tar

Nimetaja OST kwa namba ili usibahatishe, we chagua zako nne zenye nafasi kubwa. Tera 3.4 kwa mfano ikigawanywa nne ni kama giga 850 kila moja, hakuna atakayelia. Ujue lfs migrate inanakili kwanza, ikimaliza ndo inabadilisha mpangilio na kuachia nafasi ya zamani, kwahiyo usitegemee OST0003 ipumue ikiwa katikati ya kazi, ni masaa. Na usiipige kwenye faili ambalo kuna programu inaliandika muda huohuo. mv haikusaidii hapa, watu wengi wanadhani ukiisogeza folda data inahama, wapi, mv ndani ya Lustre hiyohiyo inabadilisha jina tu, data iko palepale ilipolala. cp ndo inazaa faili jipya lenye mpangilio wa folda linapoingia.

Haya, tuje kwenye -c -1. Nia yako ilikuwa nzuri, ni dozi ndo umezidisha.

We ni wa Tanga, utanielewa hapa. Zamani kabla bandari yetu haijachimbwa kina, meli kubwa ilikuwa haifiki gatini, inatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo yanavutwa mpaka ufukweni. Meli imejaa shehena, ukaipangia matishari manne kwa mpigo, kazi inakwenda. Ndo straipu hiyo: ukiweka -c 4 na -S 1M, mega ya kwanza ya faili inakwenda OST ya kwanza, mega ya pili ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano inarudi kwa wa kwanza, na seva zote zinabeba kwa wakati mmoja. Sasa mtu kaja na kifurushi kimoja, bahasha, nawe unamwitia matishari manane. Bahasha itapanda la kwanza, saba yatasafiri matupu na kila moja lazima liandikishwe kwenye daftari.

Watu wako wa modeli nina uhakika wana mafolda ya mafaili madogo ya stesheni, CSV za kilo 40 kilo 40, maelfu kwa maelfu. Faili la kilo 40 lenye straipu nane data yake yote inakaa kwenye kipande cha kwanza, halijafika hata mega moja, vile saba ni vitupu lakini vipo, vinakula inodi za kwenye OST, na ukipiga ls -l ili kujua ukubwa wa faili lazima ziulizwe OST zote nane. Zidisha kwa mafaili elfu sitini kwenye folda moja. Dakika yako hiyo hapo.

Na kuna hatari mbili za -c -1 ambazo watu hawazisemi. Faili lenye miguu minane linakwama likikosa mguu mmoja, OST moja ikijaa basi kila faili kubwa lenye mguu pale linapata "No space left" hata saba ziwe wazi, yaani ugonjwa uliokuwa wa mtu mmoja unausambaza kwa wote. Na ya pili, seva moja ya data ikianguka, tuseme umeme umefanya mambo yake na UPS imechoka, kwa -c 1 nusu ya mafaili bado yanasomeka, kwa -c -1 karibu kila faili kubwa lina kipande kwenye seva iliyolala, programu zote zinaganda kusubiri.

Halafu fanya hesabu ya waya kabla ya hesabu ya diski. Una seva mbili za data, kama kila moja ina waya wa gigabiti 10 hiyo ni giga 1.25 ya data kwa sekunde kila seva, jumla 2.5, hapo ndo dari, ubandike straipu nane au themanini. Na kama kompyuta inayoandika nayo ina waya mmoja wa 10, haitoi zaidi ya hiyo 1.25 hata ungeiombea dua. Straipu nyingi zinalipa pale kompyuta nyingi kwa pamoja zinaandika faili moja kubwa. Programu moja kwenye kompyuta moja, mara nyingi mbili au nne zinatosha, na mafaili mengi ambapo kila prosesi inaandika lake, acha -c 1, yenyewe yatajigawa kwenye OST bila msaada wako.

Kwahiyo rudisha folda ya juu ilivyokuwa:

lfs setstripe -c 1 /mnt/pwani

na zile folda zilizozaliwa kipindi cha -c -1 zikague moja moja na lfs getstripe -d, kuna ambazo zitakuwa zimerithi. Halafu folda ya matokeo ya modeli tu ndo uipe mpangilio wake. Kama Lustre yako ni 2.10 kuja juu (lfs --version itakwambia) usihangaike kukisia ukubwa, tumia mpangilio wa kupanda ngazi:

lfs setstripe -E 256M -c 1 -E 16G -c 4 -E -1 -c -1 -S 4M /mnt/pwani/matokeo

Maana yake ni kwamba faili linaanza na straipu moja, likivuka mega 256 sehemu inayofuata inapata nne, likivuka giga 16 ndo linachukua zote. Kadogo kanabaki kadogo, kakikua kanapewa matishari kadiri kanavyonenepa. Hii kitu mi nadhani ndo bora kuliko vyote walivyoongeza kwenye Lustre kwa watu wa klasta ndogo kama sisi, kwasababu mtumiaji hata hajui kama ipo. Ila OST0003 isipone kwanza usiiwashe, maana hiyo ngazi ya mwisho inakanyaga kila mahali.

Yale mafaili madogo yaliyokwisha kuharibika yarudishe usiku watu wakiwa wamelala:

lfs find /mnt/pwani -type f --stripe-count +1 --size -64M | lfs_migrate -y -c 1

Sasa kwota yenyewe, maana hapo napo kuna mambo.

La kwanza, hakikisha inafanya kazi kweli. Kuna watu wanaweka limiti mwaka mzima kumbe haijawashwa, setquota inakubali tu kimyakimya. Kwenye seva za data na za metadata piga lctl get_param osd-*.*.quota_slave.info, tafuta mstari wa "quota enabled", ukisoma none basi hiyo kwota ni pambo. Kuiwasha ni kwenye MGS (seva inayotunza mipangilio ya Lustre), lctl conf_param pwani.quota.ost=ug (u ni watumiaji, g ni vikundi) na nyingine kama hiyo ya mdt (hifadhi ya metadata). Na ukikutana na maelezo ya zamani yanakwambia uanze na lfs quotacheck, yaruke, hayo ni ya kabla ya 2.4, siku hizi hesabu inajiweka yenyewe.

La pili ni namba. Bila herufi nyuma, Lustre inasoma kilobaiti. Hili ntakusimulia. Kuna ofisi moja niliwafungia mfumo, mtu wa mwisho kumwekea kwota nikaandika -B 500000, kichwani najua nimempa mega laki tano, yaani nusu tera. Nikafunga laptop nikapanda baiskeli yangu zangu Ngamiani, nimeagiza chapati na maharage hata sijamega, simu. "Kaka, mbona nimepewa nafasi ya flashi?" Nusu giga! Jamaa alikuwa anatuma kazi ya siku nne, imekufa dakika ya pili. Nikarudi na chapati mkononi. Tangu siku hiyo naandika 500G kwa herufi hata nikiwa na haraka vipi, af napiga lfs quota -h palepale nione kilichoandikwa.

La tatu, we umeweka limiti laini (ya onyo) na ngumu (ya kukatwa) sawasawa, zote 2T. Hapo mtu hapati onyo, anagonga ukuta tu usiku wa manane. Weka -b 1800G -B 2T. Akivuka ile ya kwanza lfs quota itamwekea kinyota pembeni ya namba na muda wa huruma unaanza kuhesabu, difolti ni wiki moja, ukiisha hajapunguza ile limiti laini inageuka ngumu. Weka na za idadi ya mafaili pia, -i na -I, la sivyo kuna mtu atakujazia milioni tano za CSV ndani ya giga 30 na tera zake bado "anazo".

La nne ndo linaunganisha kwota na straipu, na ni hapo tu wanapokutana. Hesabu ya kwota haikai sehemu moja. MDT0 ndo mwenye mfuko, anamgawia kila OST kidogokidogo, kama mama anavyowapa watoto hela ya sokoni, kila mmoja anashika chake na akiishiwa anarudi kuomba. Mtu akikaribia mwisho, vipande vinapunguzwa. Sasa ukimpa mtu kwota ndogo sana, mega mia mbili tatu, na mafaili yake umeyapasua kwenye OST zote, hela inaishia mikononi mwa watoto, chenji kila mahali, anaweza kukataliwa kabla hajafika kwenye limiti yake. Kinyume chake pia kipo: kompyuta ya mtumiaji inashika data kwenye keshi yake kwanza kabla ya kuituma, kwahiyo usishangae mtu wa tera 2 akasomeka kapitiliza kidogo, hajakuibia.

La mwisho, kwa kituo chenu mi nisingetegemea kwota ya mtu mmojammoja. Data ni ya mradi, watu wanakuja na kuondoka. Kwota ya kikundi inafuata umiliki wa faili, mtu akileta data kwa cp -p au rsync -a faili linabaki na kikundi cha zamani, hesabu inakwenda kwa asiyehusika. Kwota ya projekti inafuata folda, liandike mtu yeyote humo ndani linahesabiwa humo. Inahitaji 2.10 kwenda juu, ubadilishe ug iwe ugp, na kama ndani mnatumia ldiskfs (mfumo wa diski wa Lustre uliotokana na ext4) itabidi uzime kila OST na MDT upige tune2fs -O project kwenye kifaa chake, utumie e2fsprogs (zana zenye hiyo tune2fs) ya Lustre yenyewe maana ile inayokuja na Linux haitoshi. Omba siku ya matengenezo, Jumapili asubuhi hivi. Ukisharudi hewani:

lfs project -p 2001 -s -r /mnt/pwani/mikondo
lfs setquota -p 2001 -b 9T -B 10T -i 1800000 -I 2000000 /mnt/pwani

Hiyo -s ndo inafanya vitakavyozaliwa baadaye virithi namba ya projekti, ukiisahau utahesabu mafaili ya leo tu.

Kuhusu bosi, usibishane naye, kaa naye dakika tano umfungulie ile lfs df, umwonyeshe mstari wa OST0003 na jina la faili lililoujaza. Najua jina lenyewe ni la kwako, utajikaza. Anza na kufungia OST na kuhamisha tar leo, straipu kesho, projekti isubiri Jumapili. Tar ikishahama rudisha max_create_count iwe 20000, nitumie lfs df -h nyingine baada ya siku tatu, ukiwa umesahau ntajua tu, OST0003 itakuwa imedumaa palepale wakati wenzake wanaongezeka.